Naomba ushauri: maamuzi ya darasani yananimaliza kabla ya jioni

Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha gredi ya 5 katika shule ya umma pembezoni mwa jiji la Kisumu, darasa lenye wanafunzi 60. Kusahihisha madaftari nimekuzoea. Kinachonichosha ni kuamua. Katika kipindi kimoja cha dakika 35 ninaamua nani ajibu, nani anyamazishwe, nirudie mfano au nisonge mbele, na kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani anaumwa kweli au anaikimbia hesabu, na papo hapo niamue iwapo mtoto huyu amefikia matarajio au anayakaribia tu. Jana jioni binti yangu aliniuliza tupike omena au maharagwe, nikashindwa kumjibu, machozi yakanitoka. Mume wangu anadhani nimeichukia kazi, ilhali ninaipenda. Nifanyeje?

Mwalimu mstaafu, Nakuru:
Pole sana, mwanangu. Huo si udhaifu. Mtafiti wa Marekani, Philip Jackson, aliandika mwaka 1968 kwamba mwalimu wa shule ya msingi huweza kushughulikiana na watu hadi mara 1,000 kwa siku. Mambo madogo yaamue mara moja tu, mwanzoni mwa muhula. Mimi nilitundika kibao mlangoni: kikiwapo, mtoto hukichukua akaenda msalani bila kuniuliza, kisipokuwapo, husubiri. Penseli za akiba aligawa kiranja.

Mwalimu, Kakamega:
Ninakubaliana na mzee wetu, lakini kibao hicho kilinificha jambo. Mvulana mmoja alikichukua kila siku mwendo wa saa nne, na kwa kuwa hakuna aliyeniomba ruhusa tena, zilipita wiki mbili kabla sijatambua kwamba alikuwa akienda bombani kujaza tumbo maji, maana kwao hakukuwa na chai ya asubuhi. Sasa kiranja huandika majina ya wanaotoka, nami huyasoma kila Ijumaa. Kuhusu tathmini, dada, usiwapime wote kila kipindi. Chagua 12, na baada ya vipindi 5 utakuwa umewafikia wote 60 kwa utulivu.

Mwenye uzi:
Asanteni mno. Kibao nimekikata leo, na daftari la majina nimelipigia mistari. Mlo wa jioni nimemwomba baba watoto auamue yeye hadi tufunge shule, naye amekubali.