Mrejesho: ile Mauser C96 ya mfano nimeshaipima

Wakuu, niliuliza ntajuaje kama hii bastola ya mfano ya Mauser C96, ile ya zamani ya Kijerumani, imefanana na ya ukweli, mkaniambia nicheki uzito na skrubu. Jana nikaiviringisha kwenye kanga, maana kutembea nayo wazi Ngamiani ni kutishia watu bure, nikaenda dukani kwa Mangi akaiweka kwenye mzani, nikatoa uzito wa kanga ikabaki gramu 980. Ya ukweli inacheza kwenye kilo 1.1 bila risasi, kwa hiyo hapo imejitahidi sana.

Skrubu ndo zimeniuma. Orijino ina skrubu moja tu, ya kubana vibao vya mpini, vyuma vingine vyote vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Yangu nimehesabu tatu, na moja imekaa ubavuni juu ya magazini (sehemu ya kuwekea risasi), ukishaiona macho hayabanduki hapo! Vibao navyo plastiki, nimekwaruza kwa kucha nikajua.

Mtutu umezibwa kabisa, hilo nimelipenda. Siiuzi. Anayemjua fundi hapa Tanga wa kunichongea vibao vya mninga anistue, mistari ya kwenye vibao ntaichora mwenyewe.