Bunduki ya kushindilia inatawanya masasi, shida iko wapi?

Mwana_Katuba: Bakubwa jambo. Mudogo wangu eko Kentucky, alinunua bunduki ya kizamani ya kushindilia kwa mdomo, kalibre 50, ni kusema tundu la mtutu ni nusu inchi. Kila yenga (wiki) ananitumia video, mita 50 masasi inaenda kila moja na njia yake, ingine hata haionekane kwenye karatasi. Yeye anaongeza tu baruti, ati ikilia nguvu itanyooka. Mi najua tu pupu, ile bunduki ya kienyeji, ya marehemu babu, na ile haikukuwa ya shabaha, ulikuwa unasogelea nyama mpaka unasikia pumuzi yake 😂 Njo nauliza, baruti kiasi gani?

Papa_Ruashi: Mwana, hakuna atakayekuambia, kila mtutu na yake. Aanze chini, greni 50, kama gramu 3 hivi, apige tano, aongeze greni tano, apige tena, mpaka matundu yakusanyike, yakianza kutawanyika tena arudi nyuma. Asipite kipimo cha mwisho kilichoandikwa na kiwanda. Na abadilishe kitu kimoja kimoja, akibadilisha baruti na kitambaa cha kufunika risasi siku moja hatajua nani alimponya nani alimloga.

Pupu ya babu ilikuwa laini ndani, hiyo ya mudogo iko na mistari ya kuzunguka, na ile risasi ya duara ni kitambaa njo kinaishika ili izunguke. Aokote vitambaa, vinaanguka mita chache tu mbele.

Mwana_Katuba: Ameokota. Vimekuwa na matundu kama panya alikula, pembeni vimeyeyuka.

Chuma_Kamalondo: Vimeyeyuka?? Kitambaa kizuri kinatoka kizima, cheusi kidogo katikati, karibu ukitumie tena. Na apanguse mtutu kila akipiga, masizi inabadilisha kila kitu. Risasi ikalie baruti kabisa, akiacha nafasi mtutu unaweza kuvimba ao kupasuka, atie alama ku fimbo ya kushindilia ajue imefika. Baruti nyeusi tu, ile ya masasi ya kisasa isiingie mule hata kidogo!

Papa_Ruashi: Anatumia kitambaa gani huyo?

Mwana_Katuba: Nimemuuliza. Alikata mayo (jezi) yake ya zamani ya Mazembe, timu yetu ya mpira ya Lubumbashi 🤦

Papa_Ruashi: Polista!! Ile inayeyuka na moto! Mwambie anunue pamba nzito, ile ya kushona magodoro, unene inchi 0.015 kwa risasi ya 0.490, apake mafuta.

Chuma_Kamalondo: Eko anachoma Mazembe kule Kentucky na anashangaa risasi inakataa kumutii 😂😂