Sakafu ya vinaili na dari ya PVC chumba cha mtoto, ni salama kweli?

Mama_Mdogo:
Wakuu habari zenu. Fundi ananishauri niweke sakafu ya vinaili, ile laini ya kukunjua kama zulia, na juu dari ya PVC, anasema maji haipitishi, mchwa haili, kusafisha ni kitambaa tu. Sasa kipande alichoniletea nikione kinanuka vibaya, na mtoto bado anatambaa, halafu ana pumu. Hii harufu ikiisha ndo basi au kuna kitu tutaendelea kuvuta?

Kalamu_Nyekundu:
Dada, harufu itaisha ila hiyo isikupe moyo. Hiyo vinaili nayo ni plastiki ya PVC. PVC yenyewe ni ngumu, ili ikunjike wanaichanganya na vilainishi vinaitwa thalati, na hivi havijashikana na plastiki kikemia kwahiyo vinatoka kidogo kidogo kwa miaka, havinuki, vinaenda kukaa kwenye vumbi. Mtoto wa kutambaa mkono sakafuni, mkono mdomoni. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walipima vumbi la vyumba vya watoto, wakakuta aina moja ya thalati, DEHP, inaendana na pumu. Haithibitishi kwamba sakafu ndo ilileta ugonjwa, lakini mimi kwa mtoto mwenye pumu tayari nisingeweka. Ulaya wenyewe tangu 2020 wamebana thalati nne mpaka kwenye vifaa vya ndani ya nyumba.

Bwana_Mabomba:
Jamani tusitishane, mabomba ya maji si PVC hiyohiyo na tunakunywa?

Kalamu_Nyekundu:
Mkuu bomba ni PVC ngumu, haina hivyo vilainishi, na dari ni hivyohivyo, kwahiyo hofu yangu kubwa ni sakafu. Ila hata ile ngumu miaka mingi ilikuwa inawekewa madini ya risasi, ambayo ni sumu, ili isiharibike kwa joto, viwanda vya Ulaya vimeacha mwisho wa 2015 tu, kwahiyo uliza kabla ya kununua.

Shangazi_Wa_Mazingira:
Mimi naomba tuwafikirie na wale wanaoitengeneza, maana sisi tunaona zulia zuri tu. PVC inatokana na gesi ya vinaili kloridi, inasababisha saratani, hilo halina ubishi. Mwaka 1974 ndo ilijulikana wazi, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Louisville, Marekani, walikufa kwa saratani ya ini ya aina adimu sana, angiosakoma, baada ya kusafisha matangi ya kutengenezea PVC. Na Februari 2023 treni iliyobeba gesi hiyohiyo ikaanguka East Palestine, Ohio, wakaamua kuichoma hiyo gesi, watu wakahamishwa makwao. Alafu zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, ndo maana ikiungua inatoa moshi wa asidi unaochoma mapafu, pamoja na sumu inaitwa dioksini. Nyumba ikishika moto huo moshi unakuwahi kabla ya moto.

Mama_Mdogo:
Asanteni sana, nimeogopa kwakweli. Sasa niweke nini?

Kalamu_Nyekundu:
Vigae, mbao, au saruji iliyosuguliwa vizuri, na ukitaka kitu laini tafuta linoleamu halisi, inatengenezwa na mafuta ya kitani na unga wa mbao, ila angalia usiuziwe vinaili kwa jina hilo. Dari ukiamua kuweka PVC, vipande vitakavyobaki usimruhusu fundi avichome uani, wengi ndo wanavyofanya na watoto wako palepale. Na mwenye sakafu ya vinaili tayari apige deki kwa kitambaa kibichi mara kwa mara, kufagia kunarusha vumbi tu, afungue na madirisha.