Kabati la zamani: rangi ya chaki, ya maziwa au ya mafuta?

Tumaini_K
Wakuu, habari zenu. Nina kabati la droo la zamani, la mbao, zito kweli. Nataka kuligeuza liwe la ule mtindo wa shabby chic: nyeupe iliyopauka, kingo zimelika kidogo, lionekane limekaa kwenye nyumba ileile miaka na miaka. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Wapo wanaosema rangi ya chaki ndiyo yenyewe kwa kuwa haitaki msasa. Wengine wanaapa kwa rangi ya maziwa. Jirani yangu anasema nipige rangi ya mafuta nimalize kazi. Nataka kununua mwisho wa wiki hii, na sitaki kununua mara mbili. Ingekuwa ninyi mngechukua ipi?

Seremala_Mstaafu
Mbao gani? Juu yake kuna vanishi, nta au rangi? Litakaa wapi na atalitumia nani? Hujasema hata moja kati ya hayo, na ndiyo yanayoamua. Rangi ni jambo la mwisho kuchagua.

Bi_Brashi
Rangi ya chaki, bila kusita. Annie Sloan, Mwingereza mtaalamu wa rangi za samani, aliitengeneza ya kwanza mwaka 1990 kwa kazi hii hasa: kupaka samani iliyokwisha kupakwa kitu kingine, bila kuikwangua mpaka mbao. Inashika, inakauka haraka, na ukiigusa kwa msasa laini wa namba 220 inalika taratibu kama unga, kwa hiyo unaamua mwenyewe kingo zilike kiasi gani. Rangi ya mafuta haikupi hilo. Inakauka ngumu, kuisugua ni kazi, na nyeupe yake inageuka manjano, hasa chumba kikiwa hakina mwanga wa kutosha. Chaki mikono miwili, nta juu, basi.

Magamba
Bi_Brashi, kwa heshima zote, chaki inatoa uchakavu wa kutengenezwa. Kila kona imelika sawasawa na mwenzake, jicho linajua. Rangi ya maziwa inachakaa yenyewe. Ni unga wa kaseini, yaani protini ya maziwa, pamoja na chokaa na rangi za madini. Unachanganya na maji siku ile unayopaka, maana haikai. Kwenye mbao tupu inazama ndani na haitoki tena. Kwenye vanishi ya zamani inajikunja na kutoa magamba pale inapotaka yenyewe. Huwezi kupanga litatokea wapi, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Bi_Brashi
Na ikitaka kubanduka mlango mzima?

Magamba
Ndiyo maana kuna kishikizo cha kuongeza kwenye mchanganyiko. Unakitia kwa sehemu unazotaka zishike, unakiacha kwa zile unazotaka zipasuke. Ni kazi ya kuzoea.

Nyumba_Nyeupe
Kabla hujanunua chochote nisikilize, maana naona nawe unataka nyeupe. Nilikuwa na meza ya kujipambia ya mkangazi, miguu imepindwa vizuri, kioo chake bado kizima. Nikampa fundi aliyesifiwa na watu wawili. Akapaka chaki nyeupe, ikatoka safi, nikamlipa. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na madoa ya waridi juu ya droo. Nikampigia, akaja, akapaka mkono mwingine. Madoa yakarudi, safari hii ya kahawia, na pembeni ya kila fundo la mbao kumezuka kama duara la chai iliyomwagika. Akaongeza wa tatu, wa nne. Kila akipaka yanapotea, rangi ikikauka yanarudi. Akasema rangi ni mbovu, akabadilisha kopo. Yale yale.

Mwisho nikaenda kwa mzee mmoja wa samani za kale. Hakuuliza hata swali la pili. Alisema mkangazi, kama mwaloni na mbao nyingine nyingi nyekundu, una tanini, ile kemikali ya mbao inayotia doa kama chai, na rangi zake za asili zinazoyeyuka kwenye maji. Rangi ya chaki ni ya maji, kwa hiyo kila mkono unaoongeza unazivuta juu upya. Dawa yake ni shelaki, aina ya vanishi ya kuzibia, ile isiyo na nta, mikono miwili myembamba *chini* ya rangi. Inayeyushwa kwa spiriti, inakauka upesi, na tanini haivuki. Lakini kwa meza yangu ilikuwa tayari ina rangi nene kama ganda. Nakshi za miguu zilikuwa zimejaa, droo hazifungi. Kuisafisha kulichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya mwanzo, na kingo mbili za vinia, lile ganda jembamba la mbao lililogundishwa juu, ziliondoka na rangi. Bado inaniuma nikiitazama.

Kwa hiyo Tumaini, jibu swali la Seremala. Mbao gani?

Tumaini_K
Asanteni, na samahani kwa kukawia. Ni ya rangi nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia, inang'aa, nadhani vanishi. Kwa hiyo pengine ni mkangazi? Litakaa chumba cha mtoto, atakuwa na umri wa kutambaa. Kitu kingine, sijui kama kina maana: kwenye mguu mmoja, pale vanishi ilipobanduka, naona kijani chini yake, na chini ya kijani kama nyeupe hivi.

Seremala_Mstaafu
Kina maana kuliko yote uliyosema. Chini ya vanishi halisi ungeona mbao. Ukiona kijani, basi hiyo nyekundu nayo ni rangi, iliyopakwa ili mbao ya bei rahisi ifanane na mkangazi. Ilikuwa kazi ya kawaida sana zamani. Chomoa droo, igeuze, tazama chini yake na ubavuni ambako hakuna aliyepaka. Ikiwa mbao ni ya manjano yenye mafundo, ni msonobari.

La pili ni zito zaidi. Tabaka tatu za rangi kwenye samani ya zamani, na hujui zilipakwa lini: usitie msasa. Rangi za zamani, hasa nyeupe na kijani, nyingi zilitiwa risasi, yale madini yenye sumu (lead). Marekani waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na kuna nchi zilizochelewa zaidi. Vumbi lake halionekani. Linakaa sakafuni, mtoto anayetambaa analishika na kutia mkono mdomoni. Risasi inaumiza ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Bi_Brashi
Ndiyo sababu nyingine ya kutumia chaki. Haihitaji msasa, unafunika tu.

Seremala_Mstaafu
Dada, kufunika kunasaidia, sipingi. Lakini yeye hataki kufunika tu, anataka kingo zilike. Kuzichakaza kingo ni kusugua mpaka tabaka la chini lionekane. Huo uzuri wote wa mtindo huu, kwa kabati hili, ni kufungua rangi ya risasi palepale mtoto atakaposhika akisimama. Na magamba ya Magamba ni hatari zaidi, yanaanguka yenyewe sakafuni.

Magamba
Hapo nakubali. Rangi ya maziwa juu ya tabaka lisilojulikana, chumba cha mtoto, hapana.

Fremu_na_Kioo
Kuna vipimo vya kupaka kwenye rangi vinavyobadilika rangi vikikuta risasi, ila vinaweza kukosea. Uhakika ni kupeleka kipande cha rangi maabara, na kiwe na tabaka zote mpaka mbao. Likiwa na risasi na bado unalipenda, lipe kazi nyingine: liweke mbali na mtoto, lipake rangi lote zima bila kulichakaza. Lakini hata hivyo droo zinasuguana na fremu kila ukifungua, na hilo nalo linatoa vumbi.

Mbao_Tupu
Mimi nauliza jambo ambalo hakuna anayeuliza. Kwa nini mnapaka kabisa? Mti umekua miaka mingi, mwenye ufundi wake akaupasua, akaupiga randa, mishipa ya mbao ikajitokeza, nasi tunaufunika kwa nyeupe. Kila ninapoona mkangazi umepakwa chaki nasikia uchungu. Safisha, paka mafuta ya kitani, uone.

Nyumba_Nyeupe
Mbao_Tupu, la kwake huenda si mkangazi.

Mbao_Tupu
Hata msonobari. Msonobari wa zamani ukizeeka unakuwa wa asali.

Bi_Brashi
Na makabati yanayotupwa jalalani kila siku kwa sababu hakuna anayetaka samani nyeusi chumbani? Rachel Ashwell alipofungua duka lake la Shabby Chic huko Santa Monica, Marekani, mwaka 1989, wazo lilikuwa kuchukua vitu ambavyo vimeshatupwa au viko mnadani na kuvirudisha kwenye maisha. Rangi imeokoa mbao nyingi kuliko ilizoharibu. Nalisema hilo kwa moyo wote.

Mbao_Tupu
Vilivyovunjika, sawa. Vizima, hapana.

Fremu_na_Kioo
Mbao_Tupu, ukimshauri mtu mafuta ya kitani umwambie na vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikifinyangwa na kutupwa kwenye pipa kinapata joto chenyewe mafuta yanapokauka, na kinaweza kuwaka bila mtu kukiwasha. Kitandaze nje kikauke kimoja kimoja, au kiloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Tumaini_K
Nimechomoa droo. Chini yake mbao ni ya manjano, ina mafundo. Seremala umepatia. Rangi sinunui wiki hii, kwanza nitapeleka kipande kikapimwe. Majibu yakija safi, bado niko kati ya chaki na rangi ya mafuta. Sehemu yake ya juu itakuwa na chupa za maji, na nasikia nta haipendi maji?

Bi_Brashi
Nta inatosha kwa pembeni. Kwa juu weka vanishi ya maji, isiyong'aa. Usiweke ya mafuta, itageuza nyeupe yako kuwa manjano. Na chagua moja: ukishapaka nta, vanishi haishiki juu yake.

Seremala_Mstaafu
Chumba cha mtoto mimi ningepaka rangi ya mafuta, nyeupe-maziwa, isiyong'aa sana, nikaiacha ikauke wiki kadhaa dirisha wazi. Inaoshwa. Mafundo ya msonobari nayo yana utomvu, kwa hiyo shelaki ya Nyumba_Nyeupe bado unaihitaji.

Bi_Brashi
Mafuta yananuka kwa muda mrefu, na ni mtoto mchanga.

Seremala_Mstaafu
Ndiyo maana nimesema wiki kadhaa.

Kiti_cha_Bibi
Samahani kuingilia. Mimi nina viti viwili vya chuma vya bustani, vina kutu na rangi ya zamani nyeupe. Nataka vionekane hivyohivyo vimechakaa lakini visichafue nguo. Rangi ya chaki itafaa?

Magamba
Kutu itapenya, kama tanini ilivyopenya kwa Nyumba_Nyeupe. Unatakiwa kwanza kuisimamisha kwa praima ya chuma, yaani rangi ya kutangulizia.

Fremu_na_Kioo
Na hiyo nyeupe ya zamani, ina umri gani? Kabla hujaikwangua, soma hapo juu kuhusu risasi. Ukipata jibu, weka picha ya viungo vya miguu. Kutu ikiwa imekula hapo, hakuna rangi itakayokisaidia kiti kubeba mtu.