Fundi kafuta flopi 4 za marehemu baba yangu, eti "zilishakufa"

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki nzima, leo naitoa.

Marehemu baba aliacha flopi 12 za inchi 3.5 (zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili), zimejaa barua na historia ya ukoo wetu aliyoiandika kwenye Macintosh (Mac), kompyuta ya Apple, mwishoni mwa miaka ya 80. Kila moja ina lebo ya mwandiko wake. Na kwenye kila moja, kile kipande kidogo cha plastiki cha pale konani alikisogeza mpaka tundu likabaki wazi. Maana yake: soma, usiandike. Mzee alizifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Nikampa fundi. Akachomeka ya kwanza kwenye PC yake ya zamani, ikamwambia diski haijafomatiwa, je, ungependa kuifomati, yaani kuifuta na kuiandaa upya? Akabonyeza ndiyo. Ikagoma, kwa sababu imefungwa. Sasa sikilizeni: akaitoa, akasukuma kile kipande kwa ukucha tundu likazibika, akairudisha, AKAFOMATI. Nne mfululizo! Kanisimulia mwenyewe, tena bila wasiwasi: "Kaka, hizi zilishakufa zamani."

Hazikuwa zimekufa. Draivu (kifaa cha kusomea diski) za Macintosh za enzi zile zilibadilisha kasi ya kuzungusha diski: polepole kichwa cha kusomea kikiwa ukingoni, haraka zaidi kikisogea katikati. Ndiyo maana flopi iliyobeba kilobaiti 720 kwenye PC ilibeba 800 kwenye Mac. Draivu ya PC huzungusha kwa kasi moja tu, mizunguko 300 kwa dakika, na PC yenyewe uandishi ule haiuelewi. Diski ni nzima, msomaji ndiye hajui kusoma! Basi aliyetunga ule ujumbe angeandika "nimeshindwa kusoma". Kwa nini umpe mtu kitufe cha kufuta kitu ambacho hata hujakiona? Fomati kamili ya flopi huandika upya mstari kwa mstari, ikishapita hakuna programu ya kurudisha.

Na watengenezaji nao siwaachi. IBM walitoa flopi ya inchi 8 mwaka 1971, ikaja ya inchi 5.25 mwaka 1976, halafu hii ya 3.5 ya Sony mwanzoni mwa miaka ya 80. Kila mpya haiingii kwenye tundu la ya zamani, na mwenye diski za jana anajijua. Mwaka 1998 iMac ya Apple ikatoka bila draivu ya flopi kabisa, wengine wakafuata. Sawa, megabaiti 1.44 hazitoshi hata picha moja ya simu, sibishani na hilo. Sony wakaacha kuziuza Japani mwaka 2011. Lakini hizi draivu za USB zinazouzwa leo kama mkombozi hazisomi kilobaiti 800 za Mac, na kwenye boksi hakuna anayekuandikia hivyo. Unanunua, unachomeka, unakutana na swali lilelile la kufomati.

Msiniambie "ni teknolojia ya kizamani, achana nayo". Jeshi la Marekani lilitumia flopi za inchi 8 kwenye mfumo wa kuratibu silaha za nyuklia hadi 2019. Serikali ya Japani ilifuta kanuni zake za kudai nyaraka kwenye flopi mwaka 2024. Wenye nguvu walipewa muda wa kuhama. Familia yenye boksi moja la diski ilipewa nini?

Mafundi, nawasema bila kuficha: kama hujui, rudisha mali ya watu. Vipo vifaa kama Greaseweazle na KryoFlux vinavyonakili mabadiliko ya sumaku yenyewe kutoka kwenye diski, kwa draivu ya kawaida ya PC (kutafsiri ni kazi ya programu yake, si ya PC), bila kuandika chochote. Huyu wangu hakuwahi hata kuvisikia, na alichukua kazi.

Zimebaki 8, matundu yote wazi. Mwenye Greaseweazle au Macintosh ya enzi hizo inayowaka aniambie. Nakuja nazo mwenyewe, na nitakaa pembeni yako mpaka ya mwisho itoke.