Chumba cha chini kinavuja kila masika: nianze kuziba ndani au nje? Naombeni ushauri

Mwana wa Mteremkoni (mtoa uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni msaada wa wenye uzoefu.

Nyumba yangu ipo Goba, Dar es Salaam, kiwanja cha mteremko. Tulipojenga tulikata kilima, tukapata vyumba viwili na stoo huko chini, nyumba yenyewe ikakaa juu. Ukuta wa nyuma wa chini umeegemewa na udongo karibu mita mbili na nusu. Mbele kuko wazi, kuna mlango na madirisha, ukiingia hujui kama upo chini ya ardhi mpaka uguse ule ukuta wa nyuma.

Kila masika ukuta unalia. Yanaanza mabaka, halafu rangi inavimba kama malengelenge, ukibonyeza maji yanatoka. Mwaka huu mwezi wa nne maji yalichuruzika pale sakafu inapokutana na ukuta. Chumba kimojawapo analala mama yangu, naye ana pumu. Juzi nimegeuza godoro lake, upande wote wa chini mweusi kwa ukungu. Kanga zake za sandukuni zinanuka udongo. Nilisimama nimeshika lile godoro, nikashindwa kumtazama usoni.

Nimepaka rangi ya mafuta mara mbili, na dawa ya kuzuia maji mara moja. Inashika kiangazi, vuli ikinyesha inabanduka. Fundi wa kwanza anasema tubomoe lipu ya ndani tupige mpya yenye dawa. Wa pili anasema tuchimbe nje mpaka kwenye msingi. Bei ya huyu wa pili ni mara nne ya mwenzake. Nianzie wapi?

Mama Kokoto

Pole sana kaka. Kabla ya fundi yeyote, mhamishe mama juu leo hii, hata kama ni sebuleni. Pumu na ukungu havikai chumba kimoja. Godoro hilo litupe, usilianike.

Halafu utusaidie kujua: maji ya bati la nyuma yanamwagikia wapi? Karo la maji machafu lipo upande gani? Na je, ukuta unalowa hata siku kumi zisizo na mvua?

Kijana wa Kimara

Mkuu usijisumbue. Mimi nilikuwa na tatizo hilohilo, nikapiga vigae ukuta mzima mpaka juu. Mwaka wa pili huu sijaona tone.

Mzee wa Tindo

Kijana wa Kimara, huoni tone kwa sababu umeliwekea pazia. Maji yapo nyuma ya kigae, yanapanda juu taratibu. Kagonge vigae vya chini kwa kidole, vikilia vitupu vimeshaachia. Nakuambia kwa nia njema, nimebomoa vigae vya namna hiyo nyumba nyingi.

Sasa wewe mtoa uzi. Kiini cha shida yako ni hiki. Udongo wa nyuma ukishiba, maji yanasimama nyuma ya ukuta kama yamo kwenye tanki. Maji yaliyosimama mita 1 yanasukuma kwa nguvu ya tani 1 kwa kila mita ya mraba pale chini. Yakisimama mita 2, ni tani 2. Rangi ya ndani inasukumwa kutoka mgongoni, lazima ibanduke hata ungeleta rangi ya namna gani. Lami ikipakwa nje, msukumo uleule unaikandamiza ishike ukuta. Ndiyo maana fundi wako wa pili ana hoja, japo ni ghali.

Lakini hata lami ya nje haitoshi kama maji hayana njia ya kuondoka. Yape njia kwanza. Na usitoe hela ya kuchimba kabla hujamjibu Mama Kokoto, maana bomba linalovuja au karo la jirani wa juu halizibwi kwa lami.

Fanya kipimo hiki: mahali pakavu kidogo pa ukuta, bandika kipande cha foili ya jikoni, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, acha siku mbili. Ukikuta maji mgongoni mwa foili, yanatoka ukutani. Ukikuta yapo upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaogeuka matone kwenye ukuta wa baridi, na dawa yake ni madirisha.

Usiku, funga mabomba yote usome mita ya maji, asubuhi usome tena; ikisogea, kuna bomba linavuja.

Mwana wa Mteremkoni

Shikamoo mzee. Mama ameshahamia juu, asante dada Mama Kokoto, jana kalala bila kuamka kukohoa.

Foili: mgongoni kumelowa, mbele kukavu. Mita haikusogea. Karo letu lipo mbele, upande wa chini wa mteremko, na juu yetu bado ni pori. Ukuta unakauka mvua ikikata wiki mbili.

Kuhusu bati, nimeona aibu. Gata tuliweka mbele tu, kwa ajili ya tanki. Nyuma maji yanadondoka moja kwa moja, yamechimba kifereji futi moja kutoka ukutani.

Mama Kokoto

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kama bati lako la nyuma ni mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 ni lita 3,000. Ni matanki matatu ya lita elfu unayamimina nyuma ya ukuta wa mama kwa mvua moja. Weka gata wiki hii, teremsha bomba mpaka mbele ya nyumba. Ni kazi ya siku mbili.

Mswahili wa Ohio

Salamu kutoka Columbus. Huku nyumba nyingi zina chumba cha chini, na cha kwangu kiliwahi kuniharibia mazulia. Tulichofanya: tulikata sakafu kuzunguka kuta, tukalaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, maji yanaingia kwenye kisima kidogo chenye pampu ya floti. Pampu inawaka yenyewe. Weka na betri ya akiba, maana mvua kubwa na umeme kukatika huja pamoja. Hatukuchimba nje kabisa.

Mzee wa Tindo

Wazo zuri ndugu wa Ohio, ila huko chumba chenu kimezama pande zote nne. Huyu mbele yake ni wazi. Mteremko ndiyo pampu yake, hauharibiki wala haudai umeme. Atoe maji kwa bomba tu.

Mtoa uzi, ukichimba subiri mvua ziishe, Juni mpaka Septemba. Usifunue ukuta mzima kwa mpigo, chimba vipande vya mita tatu. Kijana asishuke shimo refu kuliko kifua chake bila mbao za kuzuia kingo. Udongo uliolowa haupigi hodi. Wala usichimbe chini ya zege la msingi.

Ukishafika, sugua ukuta kwa brashi ya waya, ziba nyufa, piga lipu ya saruji 1 kwa mchanga 3 yenye dawa. Ikauke, ndipo lami mikono miwili, au lami ya shiti ya kuyeyusha kwa gesi. Ikinge kwa shiti ngumu ya plastiki ili kokoto zisiitoboe. Chini laza bomba la inchi 4 lenye matundu, lizungushie kitambaa cha kuchujia, literemke sentimita 1 kila mita mpaka litokeze mbele. Jaza kokoto, si kifusi. Juu kabisa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ukiinama kuacha nyumba sentimita 15 ndani ya mita 3.

Lingine, kwa uzito: nyosha uzi ukutani kwa ndani. Ukiona ukuta umetoa tumbo, au una ufa wa kulala, acha yote haya uite mhandisi. Hilo si tatizo la maji tena.

Mkaazi wa Ruaka

Naongezea kutoka huku Kenya: kama ni udongo mweusi wa kupasuka, usiurudishe kwenye ukuta. Ukilowa unafura na kusukuma. Yangu tulibeba na lori.

Mwana wa Mteremkoni

Wakuu, narudi na mrejesho, leo ni mwezi wa tisa.

Uzi ulinyooka, ukuta haujatoa tumbo. Tulipochimba tulikuta mifuko mitupu ya saruji, vipande vya tofali na mbao zilizooza, vyote vimejazwa mgongoni mwa ukuta. Lami ilipakwa nusu ya juu tu, chini tofali zilikuwa tupu. Nilitia kidole kwenye kiungo cha tofali, kikaingia mpaka ukucha ukapotea. Udongo ni kichanga, tunashukuru.

Tumefuata maelekezo ya mzee kipande kwa kipande, wiki tano. Swali limebaki moja: upande wa stoo, ukuta wa jirani upo sentimita 70 tu, hatuwezi kuchimba.

Mzee wa Tindo

Hongera mwanangu. Hapo stoo ndipo kazi ya ndani inaporuhusiwa. Ng'oa lipu na rangi yote mpaka tofali. Penye kuchuruzika ziba kwa saruji ya kuganda haraka. Inashika kwa dakika tatu hadi tano, hivyo changanya kiganja kimoja kimoja. Piga lipu ya 1 kwa 3, kona ya sakafu na ukuta uizungushe kwa mwiko isiwe pembe kali. Lowesha, paka dawa ya unga ya saruji mikono miwili. Kisha kata mfereji mdogo sakafuni, uutoe nje chini ya mlango, kwa maji yatakayokaidi.

Magunia ya mchele yakae juu ya chaga, mbali na ukuta huo.

Mwana wa Mteremkoni

Nimeelewa mzee, Jumatatu tunaanza kung'oa. Mama anauliza arudi lini chumbani kwake. Nimemwomba asubiri tuone vuli kwanza, foili nimeshaibandika tena.