Hizi ruzuku za nishati safi kwa "wanaoanza" ni za nani hasa?

Assalaam alaykum wanajamvi. Leo mtanistahamilia, nimeamka na barua ya kukataliwa na hata chai haijashuka.

Mie fundi wa sola, Pemba, upande wa Micheweni. Tangu mwaka juzi nahangaika na kitu kimoja: kituo cha kuchajia taa za wavuvi wa dagaa, cha kupakia chomboni kikahama na watu wa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi. Anayejua dago anajua, leo kambi ipo hapa, samaki wakisogea na watu wanasogea. Umeme wa kebo ya Tanga tunao tangu 2010, Wanorwe wakatusaidia, jenereta za Wesha zikapumua. Lakini nguzo haimfuati mvuvi mchangani. Huko ni karabai na mafuta ya taa, au betri ipande bodaboda mpaka kwa mwenye umeme, ilipiwe, irudi.

Kituo changu cha kwanza ni gamba la friji bovu, betri mbili ndani, paneli mbili juu ya boriti. Wiki tatu tu, chumvi ikala vichwa vya nyaya. Nikavipaka grisi, nikaziba matundu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kikakaa sawa. Akaja nahodha mmoja mzee, akakigongagonga, akaniuliza: "Mwanangu, kikianguka baharini kinaelea?" Sijaulizwa swali la maana kuliko hilo mpaka leo.

Sasa mfuko wenyewe, wa nje, jina silitaji. Tangazo linaanza na Waafrika milioni 600 wasio na umeme, na ahadi ya dunia ya nishati kwa wote ifikapo 2030, kisha linasema pesa ni za ubunifu ulio hatua za mwanzo. Nikasema hii yangu. Kufungua fomu: hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili. Mkataba wa ardhi ya kituo (dago lina mkataba wa ardhi?). Na kiongozi wa mradi lazima awe kampuni ya kwao. Nikampata mshirika kwa baruapepe, bajeti ikarudi zaidi ya nusu ni mishahara na safari zao, na mie nimeandikwa "mwezeshaji wa jamii". Mwezeshaji! Kitu nimekiunga kwa mikono yangu.

Hilo nikalimeza. Lililonikaa kooni ni malipo. Ruzuku hailipwi mbele. Unatumia zako, miezi mitatu ikiisha unapeleka risiti, wanakagua, ndipo wanakurudishia sehemu, maana nyingine lazima uchangie mwenyewe. Zangu zipi? Nikaenda benki Chake. Dhamana? Nina eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, mikarafuu imo. Afisa akatabasamu: "Ardhi ya serikali hiyo ndugu yangu, hatuipokei." Basi mwenye akiba ya kuendesha mradi miezi mitatu anatafuta ruzuku ya nini?

Na ndio hao wanaozipata.

Sababu ya kukataliwa sasa. Mkaguzi mmoja kaandika kwamba matumizi ya kituo yanashuka siku kadhaa kila mwezi "bila maelezo ya kuridhisha", kwa hiyo soko halina uhakika. Wallahi nilicheka peke yangu. Ni mwezi huo! Mbalamwezi ikiwa kali dagaa haji kwenye taa, watu wanakaa wanashona nyavu. Mtoto wa skuli pale Tumbe atakwambia. Na nilieleza, ukurasa wa nne, kwa Kiingereza changu cha kuunga.

Najua kwa nini wanalipa nyuma. Wapo waliochukua pesa za miradi zikageuka matofali. Sawa, nipe robo, ninunue betri, njoo uzione kwa macho, ndipo utoe robo nyingine. Ugumu uko wapi?

Nauliza wenye uzoefu: kuna aliyepata ruzuku ya aina hii iliyolipwa mbele, bila mshirika wa kumbeba mgongoni? Na tafadhali msinielekeze kwa mshauri wa kuandika maombi, wa mwisho alitaka laki tano kabla hajafungua kompyuta. Giza la mwezi linaingia wiki ijayo, kituo kinashuka pwani hivyo hivyo na betri zake mbili, moja imeshaanza kuvimba.